Kibendera Nilichokitundika Pangoni

Wanaoijua habari hii wakikutana nami hunitazama kwanza usoni, wakishaona sijanuna ndipo wanacheka, kwa hiyo bora niisimulie mwenyewe, maana nikiisimulia mimi angalau naweza kuparuka pale nilipolia (na sikulia sana, msisikilize maneno ya watu).

Mimi ni mwalimu wa michezo hapa Bagamoyo, na kwa miaka kadhaa sasa nina wazimu mmoja unaoitwa mbio za ramani. Kwa asiyejua: unapewa ramani na dira, unaachiwa porini, na huko porini vimetundikwa vibendera vya kitambaa, nusu vyeupe nusu rangi ya chungwa, unavitafuta kwa mpangilio wake, ukikipata kimoja unatoboa kadi yako kwa kidude kilichofungwa hapo ili ijulikane umefika, na anayerudi wa kwanza na kadi kamili ndiye mshindi. Mama aliponiona mara ya kwanza natoka na dira alidhani natafuta kibla, akafurahi, na mimi sikumkatisha furaha yake.

Nimekimbia kwingi, nimekimbia kwenye milima ya Morogoro na kwenye misitu ya kupandwa huko kaskazini, lakini moyo wangu upo kwenye kipande cha pwani kati ya Mbegani na mjini. Unaanza kwenye minazi, mchanga unameza mguu mpaka kifundo, halafu bila taarifa ardhi inageuka jiwe, matumbawe ya zamani yaliyotobokatoboka, na vichaka vimesongamana juu yake hata ukiwa na ramani unajiuliza aliyeichora alipita wapi (niliichora mimi, na sijui nilipita wapi). Ukichomoka hapo unaangukia kwenye mikoko, na ndani ya mikoko kuna uwanja wa tope la chumvi, mweupe, mtupu, hauna hata unyasi mmoja, na ukisimama katikati yake ukanyamaza unawasikia kaa wakitembea. Nasema kweli, unawasikia. Siku ya kwanza nilisimama pale nikasahau kama nilikuwa nakimbia, wenzangu wakanipita wote, nikawa wa mwisho, na sikujali.

Basi nikaota ndoto moja, mashindano ya Afrika yafanyike hapa. Nilikuwa nikiitaja watu wananiambia, Mwalimu Rehema, pumzika, jua kali. Lakini barua zikaandikwa, mwisho akatumwa mkaguzi, Bwana Mutiso, Mkenya mrefu asiyecheka ovyo. Tulitakiwa tuandae mbio za majaribio, yeye awafuate wakimbiaji porini na kuangalia kila kitu, zikienda vizuri jina letu linapelekwa mbele, zikiharibika hakuna mjadala.

Sasa njooni kwenye kosa lenyewe. Kituo cha saba nilikipenda kuliko vyote, kwa sababu kilikuwa pangoni. Pango hilo limo ndani ya matumbawe, paa lake lina tundu, mwanga unashuka pale katikati, na mizizi ya mti ulioota juu imeteremka mpaka chini. Watu wa pale huenda kuomba humo. Mwenye haja hutundika kitambaa, chekundu au cheupe au cheusi, anataja haja yake kwa Mungu, anaweka nadhiri, na haja ikijibiwa anarudi kushukuru. Na pango lina mlezi wake, Bi Mwanahawa, nyumba yake ipo njiani kabisa, na mtu hapiti kwenda pangoni bila kupiga hodi kwake. Hilo nalijua tangu utoto.

Lakini alfajiri ile nilikuwa nimechelewa, na hodi ya Bi Mwanahawa si hodi ya kupita, utaulizwa hali ya mama, ya shangazi, ya watoto wa shangazi, utaletewa chai na kitumbua, na jua litakukuta umekaa. Tena nilikuwa nimevaa suruali ya mbio, ile inayobana kila kitu Mungu alichokujalia, na sikuwa tayari kusimama nayo mbele ya bibi wa watu. Nikainama, nikapita nyuma ya nyumba kwenye mihogo, nikaingia pangoni, nikatundika kibendera changu pembeni ya vile vitambaa vingine, nikatoka. Nikajipongeza hata, nikasema leo nimeokoa muda.

Mbio zikaanza. Mimi nilikaa mwisho wa mbio na kipaza sauti, mbele ya maafisa wa wilaya, walimu wenzangu, wazazi, na kina mama wauza mihogo ya kukaanga. Muda wa kutarajia mshindi ulipofika nikatangaza, "Mabibi na mabwana, wakimbiaji wetu wanakaribia." Watu wakasimama. Hakuna aliyekuja. Nikatangaza tena kwamba sasa wanakaribia kweli. Watu wakasimama tena, wakakaa tena, na mara ya tatu waliosimama walikuwa wawili tu, wote ndugu zangu. Afisa mmoja akaniuliza kwa upole, "Mwalimu, wamepotea?" Nikamjibu hapana, nikaweka chini kipaza sauti bila kukizima, nikasema "Ya Rabbi, wamekwenda wapi hawa," na uwanja mzima ukanisikia.

Nikatimua mbio. Nikakagua kituo cha tano, nyayo zinaonyesha wamepita. Cha sita, wamepita. Kufika mlangoni pa pango nikakuta viatu vya mbio vimepangwa mistari kama msikitini siku ya Ijumaa, na kati yake vile viatu vikubwa vya Bwana Mutiso. Nikavua vyangu nikaingia.

Nimeingia pango lile tangu mdogo, lakini sijawahi kuliona vile. Wakimbiaji wangu wote wamekaa chini, kimya, magoti yamekunjwa, namba zao vifuani. Kina mama wamekaa upande wa pili na kanga zao. Moshi wa ubani unapanda kwenye mwanga wa lile tundu taratibu, na mizizi inaonekana imetoka mbinguni moja kwa moja. Bwana Mutiso amekaa katikati na soksi, marashi yanamchuruzika kwenye paji la uso, anatazama juu, mdomo wazi kidogo. Nilisahau mbio kwa mara nyingine. Nilisahau hata suruali.

"Shikamoo, Bibi," nikasema.

"Marahaba," akajibu Bi Mwanahawa. "Mama yako hajambo? Ule mguu?"

"Unaendelea vizuri, Bibi."

"Alhamdulillahi. Kitambaa kile ni chako?"

"Ni changu, lakini si cha kuomba, ni cha mchezo tu."

Kina mama wakatazamana. Mmoja akanirushia kanga, nikajifunga haraka.

"Humu hatuchezi, mwanangu," akasema Bi Mwanahawa, tena bila hasira, na hiyo ndiyo iliniumiza. "Ukitundika, umeomba. Sisi tumekuja kushukuru, mjukuu wangu kajifungua salama, tukakuta kitambaa hakina mwenyewe. Kukigusa hatuwezi. Na kuondoka tukamwacha mtu na haja yake peke yake, hilo nalo hatuwezi. Vijana wako wakaingia mmoja mmoja, nikawaambia wakae, tumngoje mwenye haja, tumwitikie."

Nikamgeukia Shabani, mkimbiaji wangu tegemeo, aliyefika wa kwanza. Akainamisha kichwa. "Mwalimu, nimetoa shikamoo, Bibi kaitikia, kasema keti. Ningefanyaje?" Na kweli, angefanyaje? Hata mimi ningekaa.

"Haya," akasema Bi Mwanahawa. "Umeomba nini?"

Nikasema sikuomba kitu. Sauti ikazunguka pangoni ikanirudia, na nikaisikia inavyodanganya. Nikajaribu kusema naomba afya na amani, mama mmoja akaguna. Basi nikasema. Nikasema nataka watu wa Afrika nzima waje hapa, wakimbie kwenye minazi yetu na mawe yetu na mikoko yetu, wasimame kwenye lile tope jeupe wawasikie kaa, kwa sababu sijaona mahali pazuri kama hapa na kila nikisema naambiwa jua kali. Hapo ndipo sauti ilipokatika. Na mkaguzi mwenyewe, mtu niliyepanga kumshawishi kwa ramani na takwimu, ananiangalia nalia na kanga ya kuazima.

"Ikijibiwa utatoa nini?"

"Mbuzi," nikasema.

"Afrika nzima, mbuzi mmoja?" Wakacheka, hata Shabani. Nikapandisha mpaka ng'ombe na pilau la kijiji, ndipo Bi Mwanahawa akainua mikono, akaomba, na pango zima likaitikia amina. Katika miaka yote ya kuisema ndoto ile, ilikuwa mara ya kwanza mtu kunijibu hivyo, na walinijibu wote kwa pamoja. Aliyeitikia kwa sauti kubwa kuliko wote alikuwa Bwana Mutiso.

Kwa hiyo nilitoka mle nikijua tumepata. Jioni nilimsindikiza stendi, nikamuuliza kwa kujiamini ripoti itasemaje.

"Mwalimu," akasema, "nimezunguka nchi nyingi na sijawahi kuona mahali kama hapa, na hilo nitaliandika. Lakini hakuna mkimbiaji hata mmoja aliyemaliza, na wenyeji hawakuambiwa. Hilo pia nitaliandika."

"Na ile amina?"

"Niliitikia kutoka moyoni," akasema. "Bado naitikia." Akapanda gari.

Mashindano yakapelekwa kwingine. Mimi nimeapa kwamba sitatundika tena hata uzi mahali ambapo sijapiga hodi, na hodi yenyewe nitaipiga nikiwa na dera, nitakunywa chai yote na kujibu habari za watoto wa shangazi mmoja mmoja, jua litoke litue. Tunaomba tena nafasi. Nimesikia mkaguzi atakuwa yuleyule, na wenzangu wanasikitika, wanasema huyo si ndiye aliyetukataa. Ndiye, nawaambia, lakini ninyi hamkuwepo pangoni mkamsikia alivyoitikia.