Mkono wa Mboni Haukuchubuka

Hakimu aliisoma karatasi ya matibabu iliyoandikwa kwa Kiingereza, akaieleza mahakama kwa neno moja, "michubuko", kisha akamwachia mshtakiwa kwa onyo. Mboni Kombo alikuwa amesimama hatua tatu mbele yake, mkono wa kulia umeviringishwa kitambaa. Hakuna aliyemwomba akifungue. Karatasi ilikwisha kusema.

Mboni ana umri wa miaka hamsini na minne. Alizaliwa Mwera, Pangani, na tangu utoto wake anasuka makuti ya kuezekea. Ni kazi ya vidole: jani hukunjwa juu ya ufito mwembamba uitwao upapi, gumba la kulia likabana, mkono wa kushoto ukapitisha kamba. Nyumba nyingi za kijijini kwake zimeezekwa kwa kazi yake, naye alizoea kujigamba kwamba mvua ya masika haipiti Mwera bila idhini yake.

Mwaka jana, mwezi wa pili, aliokota makuti makavu yaliyoanguka kando ya shamba la minazi, kama walivyofanya wanawake wa kijiji miaka yote. Msimamizi mpya wa shamba, Rahimu, akamwita mwizi. Mboni akamjibu kwamba kuti lililooza njiani halijapata kuwa na mwenyewe. Rahimu akainua gongo. Pigo la kwanza lilimpata begani. La pili alilikinga kwa mkono.

Mboni alikwenda kushtaki polisi, nao wakampa karatasi akaijazishe zahanati. Hapo ndipo shauri lilipoharibika, na liliharibika kwa adabu. Tabibu wa zahanati, Timotheo, kijana aliyetoka Lushoto, alimpokea kwa heshima zote.

"Shikamoo bibi. Hujambo?"

"Marahaba mwanangu. Sijambo, alhamdulillahi."

"Unaumwa sana?"

"Kidogo tu, baba. Tumshukuru Mungu."

Mwanamke wa pwani aliyelelewa kama Mboni hawezi kujibu salamu kwa malalamiko. Shukrani hutangulia, maumivu husubiri mpaka mtu aulizwe tena na tena. Timotheo hakuuliza tena, kwa kuwa nje palikuwa na wagonjwa arobaini. Alipaka dawa, akafunga bendeji, akaandika "slight abrasion". Mboni akatia dole pasipo kusomewa.

Wiki saba baadaye, siku ile ya hukumu, mpwa wake Asmahani, aliyekuwa kidato cha nne, aliisoma nakala wakiwa bado kwenye ngazi za mahakama.

"Shangazi, wameandika umechubuka kidogo. Kama mtoto aliyeanguka akicheza kombolela!"

Kesho yake asubuhi Mboni alikuwa mbele ya meza ya Timotheo.

"Bibi, mwenyewe ulisema hujambo," tabibu alijitetea.

"Ulinisalimia au uliniuliza? Salamu nimekujibu kama mtu mwenye kwao. Habari za mkono hukuuliza."

Mzee mmoja kwenye benchi akaangua kicheko. "Mjibu, daktari! Leo umepatikana."

Mboni akataka atajiwe maneno yote ambayo Mwingereza anayo ya mtu kuumia. Timotheo akayataja moja baada ya jingine: abrasion, ngozi iliyochubuka, contusion, damu iliyovilia, sprain, kiungo kilichoteguka, fracture, mfupa uliovunjika, maim, kumfanya mtu kilema.

"Mbona mengi kama ya nazi!" alisema Mboni. "Sisi, tangu changa mpaka ikomae, tuna kidaka, kitale, dafu, koroma, ndipo nazi. Basi mie umeniandika kidaka, na huku nishakauka mtini."

Benchi zima lilicheka. Yeye hakucheka. Alifungua kitambaa, akachukua kalamu ya tabibu, akajaribu kuibana. Ikaanguka. Akaiokota kwa mkono wa kushoto, akajaribu tena, ikaanguka tena. Timotheo akalishika lile gumba, akalisogeza taratibu. Mboni akafumba macho.

"Tangu lini halikunjiki?"

"Sasa ndiyo umeuliza. Tangu siku ile."

Picha ya mionzi aliyopigwa hospitalini ilionyesha mfupa uliovunjika chini ya gumba na kuunga vibaya. Timotheo aliandika karatasi ya pili, akamsomea Mboni kila neno kwa Kiswahili, na chini akaongeza kwamba maelezo ya kwanza yalikuwa kosa lake. Si wengi wenye ujasiri huo. Lakini Mboni alipoipeleka mahakamani, karani aliitazama, akairudisha juu ya meza, akasema shauri limefungwa.

Leo Mboni anasuka makuti matatu kwa siku, yeye aliyekuwa akisuka ishirini. Rahimu bado ni msimamizi wa shamba lile.

Basi nyinyi mnaotunga karatasi hizi kwa lugha ambayo aliyepigwa haijui, zitungeni kwa Kiswahili. Nyinyi mnaozijaza, kiangalieni kila kiungo kabla ya kushika kalamu, na mumsomee mgonjwa mlichoandika kabla hajatia dole. Nanyi wa mahakama mliomrudisha Mboni mlangoni, ipokeeni karatasi ya pili, lifungueni shauri lake upya, na Rahimu aitwe ajibu kwa kumtia mtu kilema. Ushahidi mnao. Fanyeni hivyo mwezi huu.