Transfoma Nyuma ya Ua wa Driciru

Mtaa mzima wa Oli, mjini Arua, ulimjua Driciru kwa jicho lake kali. Ukisogelea transfoma, ile iliyozungushiwa wavu nyuma ya ua wake, utaulizwa kwenu wapi, ukoo gani, na umefuata nini. Fundi wa umeme mwenyewe alizuiwa siku moja mpaka mwenyekiti wa mtaa, Acidri, akaja kumdhamini. Mchuuzi wa vitenge kutoka Kongo naye, maskini wa Mungu, alikaa pale kupumzika tu.

"Wewe iko nataka mafuta ya transfoma!"

"Mama, mimi nataka kivuli."

"Kivuli iko mingi Arua. Toka!" Akamwinulia ufagio.

Watu walicheka, ila hawakumlaumu. Mwaka uliopita wezi walinyonya mafuta ya transfoma wakauze, ikaungua, zahanati ikakaa gizani. Jirani yake Shakira alijifungua kwa mwanga wa simu, na mtoto hakulia. Aliyeishika simu ile ni Driciru. Tangu hapo alijipa ulinzi bila kuombwa na mtu. Na sasa binti yake Peace alikuwa mjamzito, amerudi kwa mama yake kujifungua, siku zimewadia, na zahanati ni ileile.

Lakini mafuta yalikuwa yanapungua tena. Fundi alisema hivyo huku akimtazama Driciru kwa jicho la pembeni. Loo! Mlinzi kageuzwa mwizi! Driciru akakosa raha. Akamshuku fundi, akamshuku Acidri, akamshuku hata mbuzi wa jirani.

Mtu mmoja tu Driciru hakumshuku: Yakani, mume wa Peace. Angemshukuje mtu asiyemtazama? Kwao kijijini Ludara, mama mkwe na mkwe hawatazamani usoni. Kila Jumapili Yakani alipokuja kutembea, alikaa mkekani nyuma ya ua, na Driciru akampa mgongo, wakasalimiana hivyohivyo. Maji ya kunawa na chakula alipeleka Peace. Mkwe mwenye adabu, watu walisema, na Driciru akajivuna.

Jumapili hii Peace alikuwa amelala ndani, uchungu umeanza kumshika. Driciru alikuwa kwenye jiko la nje anasonga ugali wa muhogo, mgongo wake kwa mkwewe kama kawaida, aliposikia kitu kinachuruzika nyuma ya ua.

"Yakani, iko nini huko?"

"Nanawa mikono, mama."

Driciru akaacha kusonga. Ananawa kwa maji yapi? Kampelekea nani? Moyo ulimwambia geuka, mila ikamwambia usithubutu. Ndani, Peace akaguna kwa maumivu. Driciru akageuka.

Mpira wa kunyonyea ulikuwa umepenya kwenye wavu hadi kwenye transfoma, na jerikeni liko katikati ya magoti ya Yakani. Haraka akajifunika uso kwa kiganja.

"Mama, usiniangalie! Mila haikubali!"

"Mila? Mtoto wako anakuja kuzaliwa gizani, na wewe unaniambia mila?"

Akapiga yowe la kumwita Acidri. Kisha akasimama palepale akimkodolea macho, mpaka watu wakafika wakamshika. Miaka yote ya ndoa ile, ndiyo kwanza anaiona sura ya mkwewe: kijana mzuri, paji pana, masikio yamechomoza kidogo.

Jioni, zahanatini, taa zikiwaka, mtoto alilia kwa nguvu. Nesi akamweka mikononi mwa bibi yake. Driciru akamfunua uso, akaona paji lile, akaona masikio yale. Sura ya Yakani tupu. Akalia pamoja naye.