Nyuzi za Kapteni

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa kushika begi. Si gitaa, begi. Tulikuwa watu wanne, tukipiga gitaa kavu, yaani lisilo na umeme, kwenye mavuno ya kahawa Mbozi, na kiongozi wetu tulimwita Kapteni. Nilijigamba kwamba najua kupiga. Akanisikiliza kidogo, akasema dole gumba langu limelala. Katika gitaa kavu gumba ndilo besi. Likilala, wachezaji nao wanalala. Nilinuna wiki nzima, ila alisema kweli.

Kutoka Mbozi tukaenda Ivuna kuwapigia watu wanaochemsha chumvi, kisha Tunduma, kwenye baa moja jirani na mpaka. Wazambia walitaka nyimbo za Kibemba, sisi tukawapigia kwa mwendo wetu wa Kinyiha, wakacheza hivyo hivyo.

Kuna jambo nyie wa spika kubwa hamlijui. Nyimbo zetu hazikupigwa zote kwa mpango mmoja wa nyuzi. Uzi huu unaushusha, ule unaupandisha, mpaka wimbo upate sauti yake. Mpango huo ulikuwa siri ya mtu. Ukimaliza kupiga, unalegeza nyuzi zote kabla hujaweka gitaa chini, mwenzako asije akakuibia. Nami nilifanya hivyo maisha yangu yote.

Kapteni alikuwa na wimbo mmoja wa kuaga, akaupiga kwenye harusi yangu. Mama Sekela, mke wangu, Mndali wa Ikinga, alilia siku hiyo, na hakuwa mtu wa kulia ovyo. Nikamwomba Kapteni mpango wa nyuzi zake. Akacheka.

"Haraka ya nini? Nikistaafu nitakuachia."

Hakustaafu. Homa ilimkuta kulekule Ivuna. Nilipofika msibani, gitaa lake lilikuwa limetundikwa ukutani. Nililishusha mbele ya wafiwa, wala sikuona haya. Nyuzi zote sita zilikuwa zimelegezwa. Nikalia, watu wakadhani namlilia Kapteni peke yake.

Nimeutafuta wimbo ule miaka yote. Kila nilipojaribu, Mama Sekela alitikisa kichwa huku akichambua mboga. "Umekaribia," alikuwa akisema, "ila siyo wenyewe." Amefariki bila kuusikia tena. Linaniuma mpaka leo.

Sasa nimestaafu, naishi Vwawa kwa binti yetu Sekela, mkulima wa kahawa. Juzi nilipiga wimbo niliomtungia mama yake. Nilipomaliza, mkono ukaenda wenyewe kulegeza nyuzi. Sekela akaushika.

"Baba, unamficha nani? Wamebaki wangapi wa kukuibia?"

Wenzangu wote wamekwisha. Nikalitundika gitaa likiwa limekazwa vilevile, na usingizi wa mchana sikuupata.

Leo asubuhi nilikuwa nje naota jua, nikasikia gitaa ndani. Ni Sekela, anautafuta wimbo wa mama yake. Gumba lake limelala, kama langu enzi zile. Uzi wa nne nao ulikuwa umeshuka wenyewe, maana gitaa ni la zamani, akawa anahangaika, hajui kilichoharibika. Nilivumilia kidogo, nikashindwa.

"Uzi wa nne, mwanangu. Ukaze mpaka uitikiane na wa kwanza."

Nilisema kwa sauti, mlango wazi, na jirani alikuwa anapita. Sekela akaacha kupiga. Nikarudia, ili asikie vizuri.