Gari yangu ilikuwa inalia mama mkwe akipanda tu. Nilibadilisha spea zote kabla ya kujua kwa nini

Wakuu, salamu kutoka Nyeri, ambako leo hata mbuzi wamekataa kutoka nje kwa baridi.

Ninayoleta hapa ni kweli tupu. Fundi aliyehusika ni member humu ndani, na nikiongeza chumvi kidogo tu atanianika. Kwa hivyo nitajichunga.

Nina station wagon ya zamani, umri wake unakaribia wa bibi yangu. Naiita Nyawira, jina la mtu mchapa kazi, maana imebeba mbegu, mbolea na dawa za ng'ombe za duka langu bila kulalamika.

Sasa, mama mkwe wangu anaishi Tetu. Ana chai kidogo, ng'ombe wawili, na msimamo.

Wale wa huku kwetu mnajua kitu inaitwa thoni. Kwa wageni: ni ile aibu ya heshima kati ya mtu na wakwe zake. Vijana wengi wameiacha, lakini mama mkwe ni wa zamani, na mimi nililelewa na nyanya. Tangu nimwoe Wangeci, maongezi yangu na mama yake yamekuwa "Mami, habari ya huku?" na "Nzuri, Baba Ciku." Ciku ni binti yetu. Basi. Hapo tunaangalia ng'ombe wote wawili mpaka mtu alete chai.

Kijana wake wa kitinda mimba akapata mchumba Wang'uru, kule kwa wakulima wa mpunga. Siku ya kupeleka ruracio, yaani mahari, ikapangwa: Jumamosi.

Swali likawa, mama atapanda gari ya nani?

Kuna shemeji yangu, mume wa dada yake Wangeci, ambaye tunamwita Engineer ingawa kazi yake ni kuuza matangi ya maji. Ana gari kubwa, mpya, nyeusi, ile inafungua mlango kwa sauti ya friji. Kila mtu alijua mama atapanda hiyo.

Mama akasema, "Mimi nitaenda na Baba Ciku. Hiyo ingine ni kama kupanda mti."

Wakuu, nilitembea wiki hiyo kama mtu aliyechaguliwa MCA wa wadi. Miaka yote hiyo, na hili ndilo jambo la kwanza mama mkwe kuniomba!

Halafu ikaja Jumapili kabla ya safari.

Tumetoka kanisani, mvua ikaanza, mama akakubali lifti. Wangeci akakaa mbele, mama nyuma kushoto. Mimi, kwa heshima, nikageuza kioo cha ndani kiangalie dari ili macho yetu yasikutane.

Kona ya kwanza: KONG!

Sauti moja, nzito, ya chuma. Nikapunguza mwendo nyuma ya trekta ya majani chai: KONG! Nikaipita hiyo trekta: KONG KONG! Wangeci akatazama dashibodi. Mimi jasho.

Tulipofika, mama alishuka, akafunga mlango polepole, akamwambia binti yake nikisikia, "Gari ya bwana yako inalia." Jioni akapiga simu kwa Wangeci kusema pengine ataenda na Engineer, atafutiwe kistuli cha kupandia.

Kistuli! Wakuu, nilikosa usingizi kwa sababu ya kistuli.

Jumatatu asubuhi mapema nikaingia kazini kuitafuta hiyo sauti. Ngoja niwape somo kidogo hapa, wenye magari makuukuu mtanishukuru.

Sauti ya "tak tak tak" ukikata kona hadi mwisho, hiyo mara nyingi ni CV joint, ile jointi ya magurudumu ya mbele. "Kwichi kwichi" kwa matuta ni bushi zimekauka. "Kata kata" kwa barabara mbaya, shika stabilizer link, kile chuma chembamba karibu na gurudumu, na mkono uitingishe, ikicheza imekwisha. Shock absorber, bonyeza kona ya gari kwa nguvu uachilie. Ikipanda na kushuka zaidi ya mara moja kama mtoto kwa kitanda cha wageni, badilisha.

Mimi nilikuwa na sauti ya breki, ya kona na ya kuovertake, zote pamoja. Kwa hivyo nikabadilisha stabilizer links. Nikaendesha peke yangu: kimya! Nikapiga honi kwa furaha. Nikambeba Wangeci: kimya! Jumanne tukaenda kumchukua mama tumpeleke zahanati.

KONG!

Nikabadilisha brake pads na bushi za nyuma. Peke yangu, kimya. Jumatano tukampeleka mama kwa fundi cherehani kupimwa nguo ya sherehe. KONG!

Hapo nikaanza kuogopa. Gari ilikuwa inamjua mama mkwe.

Nikaipeleka Karatina kwa fundi Maina, ambaye ana gereji ya mabati nyuma ya soko. Maina ana tabia ya kukuhoji kama daktari kabla ya kushika spana.

"Inalia wapi?"

"Nyuma kushoto."

"Inalia ukiwa pekee yako?"

"Hapana."

"Ukiwa na nani?"

Nikaangalia ukuta.

"Na... mama ya bibi."

Gereji nzima ikaacha kazi. Hata aliyekuwa chini ya lori akatoka.

"Sasa hiyo ni uzito," Maina akasema. "Mami ako na kilo ngapi?"

"We Maina! Mimi nitajulia wapi kilo za mama mkwe wangu?"

"Kadiria tu."

"Sikadirii!"

Tukakubaliana kutumia viazi. Soko lilikuwa pale pale, tukaazima gunia, tukaliketisha nyuma kushoto, tukalifunga mshipi. Fundi mmoja akasema, "Ongeza nusu gunia, ati mimi namjuanga, huimba kwa choir." Mwingine akaleta kitambaa cha kichwa alivishe. Hapo nikakataa kabisa. Heshima ni heshima, hata kwa viazi.

Tukazunguka Karatina na viazi vyetu. Kona, matuta, breki za ghafla. Mama mmoja wa mboga akatupungia mkono, sijui alikuwa anasalimia nani kati yetu watatu.

Kimya. Kimya kabisa.

Maina akazima injini. "Basi si uzito. Kuna kitu Mami anafanya."

"Mami hafanyi kitu, anakaa tu!"

"Umemuona akikaa?"

"Nitamuona aje? Nimegeuza kioo."

Maina akainua macho, akakiona kioo kinaangalia dari. Akaniangalia mimi. Akaangalia kioo tena.

"Wewe," akasema, "unatafuta shida na umefunika macho. Lazima mtu akae hapo nyuma na yeye."

Mtu mwenyewe hangeweza kuwa mimi. Wangeci alikuwa hategemeki, maana kila nikimtajia viazi alikuwa anaanguka kwa kicheko. Ikabaki Maina.

Alhamisi, Wangeci akamwambia mama twende Karatina kununua leso za wamama wa msafara. Maina akajisugua mikono kwa sabuni ya unga na mchanga, akavaa koti langu la harusi, akaja kama "mwenzangu wa biashara." Akakaa nyuma, kando ya mama mkwe, wima kama anapigwa picha ya kitambulisho.

"Unauzanga nini?" mama akamuuliza.

"Mbolea, Mami."

"Ya kupanda ama ya kukuzia?"

"Zote."

"Chai yangu imegeuka rangi ya manjano. Niweke gani?"

Nilishika usukani kwa nguvu. Maina hajui mbolea hata ya maua! Akafikiria, akasema kwa sauti ya utaalamu, "Mami, hiyo tusikimbilie kubadilisha kitu. Kwanza ifunguliwe, iangaliwe ndani."

"Chai ifunguliwe?"

Wangeci akatazama nje ya dirisha, mabega yakitetemeka.

Ikaja kona ya kwanza. KONG! Nikasikia Maina akikohoa. Kona ya pili, KONG! Kikohozi kikazidi. Nilipoipita pick-up ya kabeji, KONG KONG, na Maina akaziba mdomo kwa mkono wa koti langu la harusi.

Tulipofika, mama na Wangeci wakaingia madukani. Maina akanivuta mpaka nyuma ya gari, machozi yakimtoka. Akapiga magoti, akaweka kiganja mahali mguu wa mama unapokaa, akasukuma.

KONG!

"Mami anakanyaga breki," akasema.

"Breki gani? Ako nyuma!"

"Yake. Ukichelewa kushika yako, yeye anashika yake. Na mguu zote mbili, anafunga na macho."

Tukainua kapeti. Chini yake maji ya tangu mvua za nyuma, na sakafu imeliwa na kutu hadi bati likaachana na kishikilio chake. Raba ya kuning'iniza exhaust, bomba la moshi, nayo ilikuwa imekatika, silencer ikasogea. Ukikanyaga, bati linashuka linapiga silencer. Hiyo ndiyo kong. Gunia la viazi halina mguu wa kukanyaga.

Nilicheka hadi nikakaa chini. Halafu kicheko kikanikauka mdomoni.

Mama wa watu alikuwa anaogopa! Miaka hii yote kila akipanda gari yangu alikuwa anaomba Mungu kwa miguu, na mimi niko mbele najiona dereva hodari, napita matrekta. Nilisikia aibu mpaka masikioni. Ningebadilisha gari yote, bado ingelia, kwa sababu spea mbovu ilikuwa imeshika usukani.

Ijumaa tulimaliza kazi. Kiti nje, kapeti nje, kutu ikakatwa, bati jipya likachomelewa, rangi ya kuzuia kutu, raba mpya za exhaust. Na ushauri: ukiona kapeti ya gari imelowa, usianike juu tu, inua uone chini. Mpira wa mlango wangu ulikuwa umepasuka, maji yakaingia polepole bila mimi kujua.

Bado mama hakuwa ametangaza atapanda ipi.

Jumamosi asubuhi, Tetu nzima imevaa. Engineer amewasha gari, mlango wazi, kistuli chini. Kistuli kipya, wakuu, kimepakwa vanishi.

Mama akatoka na leso yake. Akakiangalia kistuli. Akaja kwa Nyawira, akaketi nyuma kushoto, akakanyaga sakafu kwa nguvu mara mbili.

Kimya.

"Imenyamaza," akasema. "Twende."

Niliendesha kama nimebeba mayai ya kanisa. Engineer akatupita kabla ya Karatina akipiga honi, nikampungia. Breki nikaanza kuzishika mapema. Kona naingia taratibu. Tukapita Sagana, tukashuka kule kwenye joto, mashamba ya mpunga yakaanza kuonekana kijani pande zote.

Nikaona ni kimya mno. Nikajipa moyo, nikageuza kioo.

Mama mkwe wangu alikuwa amelala. Mdomo wazi kidogo, viatu amevua, miguu imetulia juu ya bati letu jipya. Wangeci akanigusa mkono. Nikapunguza mwendo zaidi.

Ruracio ilikwenda vizuri, wenyeji wa Wang'uru wanajua kupika wali. Jioni tukiondoka, Engineer akaita mbele ya wazee wote, "Mami, rudi na hii, haitikisiki!"

Mama akajifunga leso. "Nitarudi na Baba Ciku. Hiyo yako hata sijui breki yangu iko wapi."

Watu wakacheka bila kuelewa. Mimi nilielewa, nikaganda na funguo mkononi.

Alikuwa anajua! Baadaye Wangeci alinipa yote. Mama alimwambia: "Nilijua ni mguu yangu tangu ile siku ya kwanza. Lakini ningemwambia aje mkwe wangu ati anaendesha kama anafukuzwa? Nikaona gari inalia, nikasema basi wacha gari imwambie."

Na Maina? "Huyo wa mbolea ako na oil kwa kucha. Nilimhurumia tu."

Kwa hivyo wakuu, thoni yangu ilikutana na thoni yake, tukaachia Nyawira kazi ya kuongea kwa niaba yetu. Nilichojifunza: kabla ya kununua spea, tafuta sauti inatoka wakati nani anafanya nini. Badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja. Kuuliza si ujinga, hata kama unayemuuliza ni mama mkwe. Na kioo cha gari kiliwekwa cha kuangalia nyuma, si dari.

Sasa nipeni zenu. Ni abiria gani kwenu anakanyaga breki hewani, na mmewahi kumuuliza ni kwa nini? Wenye station wagon za zamani, inueni kapeti leo mniambie mmekuta nini.

Mimi naenda kuosha gari. Kesho ni Jumapili, na mama mkwe amepiga simu kuuliza nitampitia saa ngapi. Hakupigia Wangeci. Amenipigia mimi.