Mwanya wa Mama

Mama yangu hakuacha picha. Ile moja tuliyokuwa nayo ililowa mafuriko yalipoingia ndani, ikabaki karatasi yenye madoa. Alichoniachia ni mwanya katikati ya meno mawili ya mbele. Kila niliporudi kutoka safari zangu na kufika kwa dada, huko visiwani, hakuniuliza nilikuwa wapi wala nimeleta nini. Alisema tu, "Cheka kwanza, nimwone mama." Nikicheka, ananikaribisha ndani.

Jino la kulia la mwanya huo liligongwa na boriti ya mkoko nilipokuwa nikifanya kazi ya kupakua shehena. Halikuvunjika. Likabadilika rangi polepole, miaka ikapita, kisha fizi ikavimba na kutunga usaha nikiwa Ikwiriri, nabeba magunia ya ufuta. Hata maji yakanishinda kunywa. Nikapanda gari hadi Kibiti.

Daktari wa meno alikuwa mwanamke kijana mwenye sauti ya juu. Aliligonga jino kwa kichuma, nikaruka.

"Limekufa ndani," akasema. "Kung'oa ni leo hii, unakwenda zako. Kutibu mzizi ni kuja mara tatu. Utaweza?"

"Usiling'oe. Nitakuja hata mara kumi."

"Wote husema hivyo."

Nilitarajia mateso, lakini kilichouma ni sindano ya ganzi tu. Mdomo wa juu ukawa mzito kama si wangu. Akalipiga jino picha, akalitoboa kwa nyuma, upande wa ulimi. Mlio ulijaa kichwani, maumivu hakuna. Ikatoka harufu mbaya, yangu mwenyewe, nikaona haya. Kisha akaingiza visindano vyembamba, kimoja baada ya kingine, akisugua ndani ya mzizi, akisuuza, akisugua tena, mpaka taya likachoka kwa kuachama. Mwisho akaweka dawa na kuziba kwa muda.

"Sikia, kaka. Likiacha kuuma, ndipo mnaponipotea. Kutouma si kupona. Hiki kizibo ni cha siku chache, na jino lililokufa huvunjika upesi. Wiki ijayo, siku kama ya leo."

Siku hiyo ilinikuta kituoni Ikwiriri, nimeoga, nimepiga mswaki mara mbili. Gari la Kibiti lilikuwa likijaza abiria. Mwenzangu mmoja wa kazi akapita na kifurushi chake, akasema Ruaruke wanatafuta watu wa kuvuna mpunga, wanaondoka sasa hivi. Nikalipapasa jino kwa ulimi. Kimya. Maumivu ndiyo yaliyonipeleka Kibiti. Yalipoondoka, nami nikaondoka. Nilijiambia wiki ijayo. Baada ya Ruaruke ikawa Dimani, na baada ya Dimani sikumbuki.

Kizibo kilitoka nikila wali. Nikadhani ni changarawe, nikakitema. Miezi ikapita. Siku moja nikang'ata muwa, jino likabaki kwenye muwa.

Daktari alinikumbuka. Aliitazama picha mpya kwa muda mrefu. "Limepasuka hadi chini ya fizi. Hakuna cha kuokoa." Hakunigombeza, nami nilitamani anigombeze. Alipomaliza kukitoa kisiki, akasema naweza kuwekewa jino la bandia.

"Litakuwa na mwanya?"

"Fundi anaweza kuuacha. Ila hautakuwa ule."

Sikwenda kwa fundi. Na kwa dada nilichelewa kwenda kuliko wakati wowote. Nilipofika alikuwa jikoni uani, anapika.

"Cheka kwanza."

Nikainamisha kichwa. "Nimechoka, dada."

"Umechoka na nini, wewe ambaye kukaa kwako ni kufungua mfuko na kuufunga? Cheka, bwana."

Nikacheka. Alilitazama pengo, akageuka, akaanza kuchochea moto uliokuwa ukiwaka vizuri.

"Karibu ndani," akasema, macho yakiwa kwenye kuni.