Viatu Vinavyotazama Njia

Jirani wa Joviale ana watoto watano na mikate ya kupeleka sokoni kabla jua halijachomoza, lakini pale mtaani Murara hakuna aliyewahi kumsikia akiuliza soksi ya mtu iko wapi. Kwenye ukuta wa mbao amepigilia misumari, kila mtoto na wake, pale mkono wake unapofika. Mfuko wa shule unaning'inia juu. Viatu vinakaa chini, ncha zikitazama njia. Akipita, huvinyoosha kwa kidole cha mguu bila kuangalia, hata akiwa amebeba bidoni ya maji. Joviale, ambaye wanawe huchelewa shule kila siku, alikwenda kujifunza. Akauona msumari wa sita, na chini yake kiatu kimoja kidogo.

"Na hii, mama, ni ya nani?"

"Ya mutoto wangu mukubwa, Laurent, wakati alikuwa mudogo. Siku tulikimbia volkano, nilitafuta ya pili, sikuiona. Alitembea njia yote mpaka Sake na hiyo moja." Akainyoosha ndala iliyokaa upande, akaendelea kukunja nguo.

Joviale alirudi kwake. Kabla hajawasha makaa, aliinama mlangoni akaanza kuvigeuza viatu, kimoja kimoja, vitazame njia.