Maziwa Pipani

Gumato hakupata kumpa kiumbe maziwa, awe ndama, mtoto au mgeni, kabla ya kudondosha tone moja mgongoni mwa mkono wake ili asikie vuguvugu lake. Hata yakiwa yamekamuliwa wakati ule ule, alidondosha. Mwanaarusi, mkaza mwanawe, aliona ni ushamba.

Mwanaarusi alitoka Kipini. Aliolewa Garsen na Halake, mtoto wa Gumato, aliyekuwa akivuta kamba ya kivuko, na katika vyombo alivyokuja navyo palikuwa na mtungi wenye samaki mmoja mdogo wa birika la msikiti. Babake ndiye aliyelitunza birika hilo. Samaki waliwekwa humo ili wale viluwiluwi vya mbu. Mwaka uliofuata babake alifariki, Tana ikiwa imefurika na njia zimekatika, akazikwa binti hayupo. Samaki ndiye aliyebaki. Aliishi katika pipa lililokatwa nusu, mlangoni, na Mwanaarusi alimsemesha kila asubuhi kama mtu anayemwamkia mzazi.

Kwa Gumato samaki alikuwa nyoka wa majini. Watu wake wafugaji hawakumla wala kumgusa, naye alipita mbali na pipa huku akikusanya nguo. Kiswahili chake kilikuwa cha kununulia chumvi. Mwanaarusi naye hakujua Kiorma. Miaka mitatu wakaishi kwa kutikisiana vichwa.

Ukaja ukame. Ng'ombe walihamishwa, akaachwa mmoja aliyetoa kibuyu kimoja cha maziwa kwa siku, na hicho kilikuwa chakula cha Gumato, kwani ugali ulimshinda. Siku moja Mwanaarusi alilijaza pipa hadi ukingoni, akasahau kulifunika, akashika njia ya mtoni kufua.

Mchana Gumato alisikia kitu kikipigapiga mchangani. Jirani yao Mbeyu, Mgiriama aliyekuwa akitwanga mahindi uani kwake, alimwona akisimama, akisita, kisha akimwokota samaki kwa mikono mitupu. Mbeyu alicheka hadi akauachia mchi.

"Haya, Mama Halake, leo umekamata nyoka?"

Gumato alimtia samaki katika karai la maji. Samaki akalala ubavu, akihema kwa shida. Mbeyu alimwambia amwache tu kivulini, maji yenyewe yatamrudisha. Lakini maishani mwake Gumato hakuwahi kumwacha mnyama aliyeanguka ainuke peke yake. Alileta kibuyu, akadondosha tone mgongoni mwa mkono, akaridhika, akamimina yote.

Mwanaarusi aliporudi alikuta karai jeupe. Alimhamishia samaki kwenye maji safi, akamshika kwa vidole viwili na kumsogeza mbele polepole, maji yapate kupita katika matamvua yaliyoshika utando. Akamsogeza hivyo mpaka alasiri, magoti yakafa ganzi. Mara moja mkia ulitikisika. Kisha basi.

"Umemuua makusudi," alimwambia mavyaa wake. "Umemuua kwa kuwa ulimchukia."

Hayo Gumato aliyaelewa yote. Aliutazama mkono wake, akaingia ndani.

Mbeyu alikuja kusimulia baadaye sana, tena kwa mzaha, namna bibi alivyomnywesha samaki maziwa ya siku nzima, akalala na njaa. Mwanaarusi alikuwa akimjua tangu siku ile aliyelijaza pipa na kuliacha wazi. Alikusudia kuomba radhi kesho yake, kisha Ijumaa, kisha baada ya Idi. Na neno likikaa kinywani huchacha. Gumato alimpisha mlangoni kama mgeni, wala hakumwonyesha uso wa hasira, jambo ambalo lilikuwa gumu zaidi kulistahimili.

Homa ilimwangusha Gumato mvua zilipoanza. Siku ya nne hakuweza kuketi. Mwanaarusi alikamua mwenyewe, akapiga magoti kando ya ngozi aliyolalia mgonjwa, na kabla ya kumpa akadondosha tone mgongoni mwa mkono wake, kama alivyomwona mavyaa wake akifanya miaka yote. Gumato aliufuata mkono huo kwa macho. Kisha akakisukuma kibuyu kando, taratibu, lisimwagike hata tone.

"Mimi sinywi, binti," alisema, akielekeza kidevu mlangoni, kwenye pipa lililobaki tupu tangu kifo cha samaki. "Mimina kwa pipa."